Waliruka majivu, wakakanyaga moto

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Tanga, mpenzi wa soka tangu utoto, na kriketi naifahamu kidogo kwa sababu ya majirani. Dada yangu anaishi Pasadena, California, na ndiye aliyeniambukiza besiboli. Amenitumia video ya mechi ya kwanza ya fainali ya Marekani ya mwaka 2024, Dodgers wa Los Angeles na Yankees wa New York, nimeitazama mara nne. Yankees wanaongoza 3-2, wamebakiza auti moja tu washinde, halafu wanaamua kumpa Mookie Betts wa Dodgers kituo cha bure, atembee hadi kituo cha kwanza bila kurushiwa mpira! Vituo vinajaa. Anafuata Freddie Freeman, mguu mbovu, anapiga mpira wa kwanza kabisa, unapotelea kwa watazamaji, 6-3, mchezo umekwisha. Dada anasema ile ilikuwa hesabu ya kawaida. Mimi naona ni sawa na kujitafutia penalti langoni kwako mwenyewe. Nani yuko sahihi? Na kwa nini mechi hizi huamuliwa na pigo moja la mwishoni, kana kwamba saa tatu zote za mwanzo watu walikuwa wanapasha misuli?"

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Dada yako yuko sahihi, ila hajakumalizia hesabu. Kumpita Betts halikuwa kosa. Kama kosa lipo, lilikuwa limeshafanyika mpira mmoja kabla, pale kocha wa Yankees, Aaron Boone, alipomtoa mrushaji Jake Cousins na kumwita Nestor Cortes kutoka kwa warushaji wa akiba. Na bei ya kile kituo cha bure haikuwa pale unapoitafuta. Wewe unamhesabu mkimbiaji aliyeongezeka. Mimi nahesabu kitu kilichomtoka Cortes mfukoni mara tu Betts alipoanza kutembea kwenda kituo cha kwanza. Tutafika huko, lakini tuanze na hali ya uwanjani, maana video fupi hukatwa palipo patamu.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 25 Oktoba 2024, uwanja wa Dodgers, Los Angeles. Kwenu Tanga ungelazimika kuamka saa tisa usiku kuona mpira wa kwanza, na Freeman angepiga wakati mama lishe wameshaanza kukaanga vitumbua. Awamu tisa za kawaida (katika kila awamu kila timu hupiga mpaka watu wake watatu watolewe, yaani auti tatu) zilikwisha timu zikiwa 2-2. Juu ya awamu ya kumi, yaani zamu ya wageni kupiga, Yankees walipata mkimbio wao (pointi ya mtu aliyezunguka vituo mpaka nyumbani) bila mtu kupiga kwa nguvu: Jazz Chisholm alifika kituo cha kwanza kwa pigo la kawaida, akaiba cha pili, yaani akakikimbilia bila mwenzake kupiga, akaiba na cha tatu, kisha akaingia nyumbani Anthony Volpe alipopiga mpira wa chini. Tommy Edman wa Dodgers aliupigia mbizi, akapata auti moja badala ya mbili. 3-2. Kumbuka kwamba tangu 2020, katika msimu wa kawaida awamu za nyongeza huanza na mkimbiaji aliyewekwa bure kituo cha pili, ili watu walale mapema. Katika mechi za mtoano na fainali zawadi hiyo haipo. Kila mtu hufika kituoni kwa jasho lake.

Zamu ya Dodgers. Will Smith, auti. Gavin Lux akapewa kituo kwa boli nne, yaani mipira minne iliyopita nje ya dirisha la straiki, lile eneo halali mbele ya mpigaji, naye asiiguse. Edman akapiga mpira wa chini ambao mlinzi aliufikia kwa glavu lakini hakuushika. Sasa kuna mtu kituo cha kwanza na mwingine cha pili, auti moja, na anayekuja na gongo begani ni Shohei Ohtani, aliyepiga homurani 54 msimu ule, yaani mapigo yanayovusha mpira juu ya uzio. Nyuma yake Betts. Nyuma ya Betts, Freeman.

Utaratibu huo wa majina ndio ufunguo. Ohtani ni mashoto, Freeman ni mashoto, na katikati yao Betts anapiga kwa upande wa kulia. Mrushaji mashoto huwasumbua wapigaji mashoto, na sababu yake si ushirikina. Mpira unatoka mkononi mwake ukiwa kama unatokea nyuma ya bega la mpigaji, na ile mipira yake ya kukata na kupinda hukimbia kuelekea nje, mbali na gongo. Mpigaji wa upande wa kulia, yeye, anauona mpira huohuo mapema na unamjia mdomoni. Kwa hiyo kila kocha duniani huweka mashoto wake kwa ajili ya mashoto wa wenzake. Boone akamtaka mashoto kwa ajili ya Ohtani. Mpaka hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni jina. Cortes alikuwa hajarusha mpira katika mechi tangu tarehe 18 Septemba, kwa sababu ya jeraha la kiwiko. Siku 37. Tena kazi yake msimu mzima ilikuwa kuanzisha mechi, mtu wa kupasha taratibu na kuingia uwanjani ukiwa mweupe, vituo vitupu. Kumwingiza katikati ya awamu ya kumi ya fainali, wakimbiaji wawili wakiwa nyuma yake, ni kama kumtoa kipa hospitali akadake penalti. Na mashoto mwingine alikuwepo: Tim Hill, ambaye hurusha kwa mkono wa chini, karibu na kiuno, na ambaye wapigaji wengi huishia kumpigia mipira ya chini. Pale penye auti moja na mtu kituo cha kwanza, mpira mmoja wa chini unaweza kukupa auti mbili kwa mpigo na mchezo ukafungwa. Najua jibu la upande wa pili: Ohtani ana mbio, si rahisi kumkata auti mbili, na Cortes mzima ni mrushaji bora kuliko Hill. Sawa. Lakini hatukuwa na Cortes mzima. Tulikuwa na Cortes wa siku 37.

Kuna sheria moja ambayo watu wa soka hawaijui na inabadilisha picha yote. Tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima awakabili wapigaji watatu, au awamu iishe. Zamani kocha angeweza kumleta mashoto kwa Ohtani, kumtoa, kuleta wa kulia kwa Betts, kumtoa, na kuleta mashoto mwingine kwa Freeman. Wazee wetu waliotazama besiboli ya miaka ya tisini waliona maandamano hayo kila usiku. Sasa haiwezekani. Boone alipomchagua Cortes kwa ajili ya Ohtani, alikuwa anamchagua pia kwa Betts na kwa Freeman, ila kama auti mbili zilizobaki zingepatikana mapema. Ndiyo maana nasema uamuzi mkubwa ulifanyika kabla ya ule unaoulaumu.

Mpira wa kwanza wa Cortes, Ohtani akaupiga juu, ukaelekea kushoto nje ya mstari. Alex Verdugo, mlinzi wa Yankees, akaukimbilia hadi kwenye ukuta, akaudaka, akapinduka akaangukia kwa watazamaji, miguu juu. Auti ya pili! Kama hujaona udakaji mzuri zaidi usiku ule, ni kwa sababu haukuwepo. Lakini sheria inasema mlinzi akishadaka kisha akaangukia nje ya uwanja, kila mkimbiaji anasogezwa kituo kimoja. Lux akaenda cha tatu, Edman cha pili. Kituo cha kwanza kikabaki kitupu.

Angalia ajabu hiyo. Verdugo angebaki amesimama, Lux na Edman wangebaki walipo, na Betts angelazimika kurushiwa, maana hakuna kocha anayempa mtu kituo cha bure ili awasukume wenzake mbele wakati anaongoza kwa mkimbio mmoja. Udakaji ule bora ndio uliofungua nafasi, na Boone akaitumia. Tangu 2017 hata mipira minne hairushwi tena. Kocha anaonyesha vidole vinne kutoka benchi, mpigaji anaweka gongo chini na kutembea.

Sasa hesabu ya dada yako. Yankees wanaongoza 3-2. Lux yuko cha tatu, huyo akiingia ni sare. Edman yuko cha pili, huyo akiingia ni kipigo. Betts akiongezwa cha kwanza, mkimbio wake hauna thamani yoyote, kwa sababu mpaka yeye afike nyumbani mechi imeshakwisha dakika nzima iliyopita. Kwa hiyo ukimtazama Betts kama mkimbiaji, amepewa bure kitu kisichogharimu. Na kuna faida: vituo vikijaa, mlinzi akiokota mpira wa chini anaweza kupata auti kwenye kituo chochote, hata kwa kukanyaga tu. Kubwa kuliko yote, unamkwepa mtu wa upande wa kulia, aliyewahi kuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2018, na unampata mashoto aliyeumia kifundo cha mguu.

Kwa hiyo mfano wako wa penalti haukai vizuri. Penalti ilikuwepo tayari, Lux na Edman ndio walioipata. Boone aliruhusiwa tu kuchagua nani aipige. Akamchagua mchechemeaji.

Hapo ndipo dada yako anapofunga daftari, na hapo ndipo mimi nalifungua. Kabla ya Betts kutembea, Cortes alikuwa tajiri. Kituo cha kwanza kilikuwa kitupu, hivyo angeweza kurusha nje ya dirisha, pembeni, chini ya magoti, apime kama mtu atadanganyika. Mpigaji asipodanganyika, anapewa kituo, hakuna mkimbio unaoingia. Mrushaji anaishi kwa mipira mibaya inayofanana na mizuri. Ndiyo mtaji wake. Vituo vilipojaa, kila boli ikawa na bei. Boli nne zingemwingiza Lux nyumbani na mechi ingekuwa sare bila mtu kugusa gongo. Akianza na boli moja, mbili, atalazimika kuja katikati ya dirisha na mpigaji atakuwa anamsubiri huko. Kwa hiyo mpira wa kwanza ndio uliokuwa na kila sababu ya kuwa straiki, na straiki iliyo rahisi kwa mtu asiyecheza wiki tano ni mpira wa kasi, ulionyooka.

Cortes alijua hivyo. Freeman alijua hivyo. Yule muuza karanga kwenye ngazi za uwanja naye alijua.

Mpira ukaja ndani, upande wa mwili wa Freeman, kama kilomita 148 kwa saa. Kutoka kichuguu cha mrushaji hadi kituo cha nyumbani ni mita 18.44, na kwa kasi hiyo mpigaji ana kama sekunde 0.4 kuanzia mpira unapoachiwa, ambazo nusu yake huliwa na kuamua tu. Gongo halizidi unene wa sentimita 6.6. Ukigusa mpira chini kidogo ya katikati yake, unapaa kwa ule mteremko wa nyuzi 25 hadi 30 ambao ndio unaozaa homurani nyingi. Ukizidi chini kwa upana wa kidole, unakwenda juu kama mnazi na mtu anaudaka akipiga miayo. Ukigusa juu zaidi, ni mpira wa chini, auti, nendeni nyumbani. Mtu mwenye kujua tayari kwamba unakuja mpira wa kasi anaondoa swali moja kati ya mawili; linabaki moja tu, uko wapi? Ulikuwa ndani, na kwa mpigaji aliyeanza mapema, ndani ni sawa na kumkabidhi. Gongo lilikutana nao mbele ya kituo, likauvuta kulia, na kila mtu aliyewahi kushika gongo alijua kwa sauti. Freeman hakukimbia. Aliinua gongo juu kwa mkono mmoja, akausindikiza mpira kwa macho, ndipo akaanza kutembea.

Hukuuliza, lakini huenda unashangaa kwa nini 6-3 na si 4-3. Angepiga pigo la kawaida likawaingiza Lux na Edman, mechi ingefungwa 4-3, kwa sababu mwenyeji akishapita idadi ya mgeni kwenye zamu ya mwisho hakuna linalohesabiwa tena. Homurani ina heshima yake: mpira ukishavuka uzio, wote waliokuwa vituoni wanahesabiwa. Vituo vikiwa vimejaa inaitwa grandi slamu, mikimbio minne kwa pigo moja. Fainali hizi zilianza mwaka 1903, na hakuna aliyewahi kufunga mechi ya fainali kwa grandi slamu mpaka usiku ule.

Nirudi kwenye mguu, kwa sababu umeuita mbovu na Boone bila shaka aliuhesabu hivyo. Freeman aliteguka kifundo cha mguu wa kulia tarehe 26 Septemba, katika mechi dhidi ya Padres. Mpigaji mashoto anasimama mguu wa kulia ukiwa mbele, na mguu wa mbele ndio breki: mwili unakuja kwa kasi, mguu ule unakaza, nguvu yote inaruka kutoka kiunoni kwenda kwenye mikono na gongo. Breki ikiuma, gongo linapoa. Katika raundi mbili za kwanza za mtoano ilionekana wazi. Alikosa baadhi ya mechi, na mapigo yote aliyopata yalikuwa ya kituo kimoja kimoja. Ukisoma karatasi, huyo ndiye unayemtaka. (Baadaye ikajulikana kwamba hata ubavuni alikuwa na gegedu lililovunjika. Sijui watu hawa wametengenezwa kwa nini.)

Ila karatasi ilikuwa ya wiki iliyopita. Dodgers walimaliza raundi ya pili tarehe 20 Oktoba, na Freeman akapumzika siku kadhaa. Katika awamu ya kwanza kabisa ya mechi hii, akimkabili Gerrit Cole, mrushaji wa Yankees, alipiga pigo lililomfikisha kituo cha tatu. Aliukimbia mguu ule vituo vitatu! Mimi ningekuwa kwenye benchi la Yankees ningeliandika hilo kwa kalamu nyekundu. Mpigaji anayeupeleka mpira mbali ana breki inayofanya kazi tena. Ishara ilikuwepo tangu jua halijatua.

Na usifikiri ujanja wa kumpita mtu ni wa Yankees peke yao. Awamu moja tu kabla, juu ya ile ya tisa, 2-2, auti mbili, Gleyber Torres wa Yankees alipiga mpira mrefu mpaka kwenye uzio. Shabiki mmoja akanyoosha mikono kupita uzio na kuudaka. Waamuzi wakasema pigo la vituo viwili, wakapitia video, wakabaki na neno lao. Sasa Torres yuko cha pili, kituo cha kwanza kitupu, na anakuja Juan Soto. Dodgers walifanya nini? Wakampa Soto kituo cha bure! Wakachagua kumkabili Aaron Judge, aliyepiga homurani 58 msimu ule, kuliko yeyote katika ligi zote mbili. Wakamleta Blake Treinen, mkono wa kulia dhidi ya mpigaji wa kulia. Judge akaupiga mpira juu, ukashuka mikononi mwa mlinzi. Awamu imekwisha.

Ujanja uleule, usiku uleule, kipimo kilekile cha mkono kwa mkono. Dave Roberts, kocha wa Dodgers, akaonekana mwerevu na Boone akaonekana mjinga, tofauti ikiwa kidole kimoja cha upana kwenye gongo, na jambo moja zaidi: Treinen alikuwa na kazi hiyo mwezi mzima, mkono umechemka, na kwa kuwa vituo havikuwa vimejaa, bado alikuwa na mtaji wa mipira mibaya mfukoni. Ukitaka kumlaumu Boone, mlaumu kwa tofauti hizo mbili. Vidole vinne alivyoonyesha, wote wawili walivionyesha.

Swali lako la mwisho nalipenda zaidi, ingawa umelifunga kwenye mzaha. Saa tatu za mwanzo hazikuwa za kupasha misuli. Zilikuwa zinakula watu. Katika besiboli aliyetolewa harudi, na mrushaji ndiye anayetolewa kila mara. Cole aliondoka baada ya awamu sita na mipira 88, akiwa ameruhusu mkimbio mmoja tu. Akaja Clay Holmes, akaja Tommy Kahnle, akaja Luke Weaver, aliyekuwa tegemeo lao la kufunga mechi. Kufika awamu ya kumi Boone alikuwa anachagua kutoka kwenye sahani iliyokwisha kuliwa minofu. Wapigaji hawaliwi namna hiyo. Ohtani, Betts na Freeman walewale wa awamu ya kwanza wanarudi mara ya tano, na kila wanaporudi upande wa pili kuna mtu wa chini kidogo kuliko wa kabla yake. Ndiyo sababu ya kwanza ya mapigo makubwa kutokea usiku umekwenda.

Ya pili ni kwamba mchezo huu hauna saa ya kukuokoa. Timu ya soka ikiongoza 3-2 dakika ya 89 inaupeleka mpira kwenye kibendera cha kona na kuukalia hapo, kipa anaumwa goti, mpira wa kurusha unachukua nusu dakika. Kwenye besiboli hakuna kibendera cha kona. Lazima umrushie mtu mpira, na umrushie mpaka auti ya mwisho ipatikane. Kuna saa ya mrushaji tangu 2023, lakini ile inakuharakisha urushe, haikusaidii kuchelewesha. Yankees walihitaji auti moja, na hapakuwa na njia ya kuipata isipokuwa kupitia kwa mwenye gongo.

Na hata hivyo usiku ule ulikuwa umeshaandikwa na vitu vidogo ambavyo video yako haina. Awamu ya nane, Yankees wakiongoza 2-1 kwa homurani ya Giancarlo Stanton, Ohtani alipiga mpira ukagonga ukuta wa kulia. Soto akaurudisha kituo cha pili, Torres akashindwa kuumiliki, ukamtoka, na Ohtani akajisogeza cha tatu. Mpigaji aliyefuata, Betts huyohuyo, akapiga mpira wa juu katikati. Ukadakwa, auti, lakini Ohtani akakimbia nyumbani baada ya kudakwa. 2-2. Angekuwa cha pili asingefika. Glavu moja iliyolegea ndiyo iliyonunua awamu ya kumi. Mikimbio tisa ya mechi nzima, sita ilitoka kwenye mapigo mawili tu, la Stanton na la Freeman, na ndiyo watu watakayoyasimulia. Lakini bila ule mpira uliomtoka Torres, Freeman angekuwa nyumbani akiweka barafu kwenye kifundo.

Wenyeji wa Los Angeles walikuwa na sababu nyingine ya kulia machozi. Tarehe 15 Oktoba 1988, uwanja huohuo, mechi ya kwanza ya fainali vilevile, Kirk Gibson alitoka chumba cha matibabu akiwa na miguu yote miwili mibovu, auti mbili, Dodgers nyuma 4-3, akampiga Dennis Eckersley wa Oakland homurani ya mikimbio miwili kuelekea kulia. 5-4. Gibson hakushika gongo tena fainali nzima, na Dodgers wakatwaa kombe. Miaka 36 baadaye mchechemeaji mwingine, auti mbili, upande uleule wa kulia. Freeman ametofautiana naye kwa kuwa aliendelea kucheza: alipiga homurani katika mechi nne za kwanza mfululizo, akaingiza mikimbio 12, Dodgers wakashinda fainali 4-1, akawa mchezaji bora wa fainali.

Baada ya kuzunguka vituo vyote usiku ule alikimbia nyuma ya kituo cha nyumbani, kwenye wavu, alipokuwa amekaa baba yake, Fred. Mama yake Freeman alifariki kwa saratani ya ngozi kijana akiwa na miaka 10, na baba ndiye aliyemrushia mipira ya mazoezi utotoni, kwenye viwanja vya Orange County, si mbali na hapo.

Ukiitazama mara ya tano, mwombe dada akutafutie mechi nzima, uanzie Cousins anapotolewa. Usimtazame Freeman. Mtazame Cortes akipasha kwenye kichuguu, kisha Verdugo akipinduka, kisha vidole vinne vya Boone, halafu sitisha video kabla hajarusha mpira wake wa pili wa usiku ule. Mwulize dada angerusha nini.